Maswali ya wasomaji: Mdomo wa kanula na pamba ya sekunde moja

Barua za mara hii zimejaa dripu. Nyingi zimetoka Lamu na kisiwa cha Pate, chache Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kanula, hicho kijiplastiki kilichobandikwa mkononi kwa mgonjwa, kinachofunguliwa na kufungwa kutwa, nani anakisafisha, na vipi? Wauguzi wa safu hii wamejibu.

Mamangu amelazwa siku ya tatu sasa. Ana kanula kwenye mgongo wa kiganja cha kushoto na anachomwa dawa humo mara mbili kwa siku. Nesi wa asubuhi husugua mdomo wa kanula kwa pamba ya spiriti kabla ya kuchoma. Wa usiku huugusisha tu pamba na kuchoma papo hapo, na mara moja niliona hakufuta kabisa. Nikiuliza nitaonekana mjuaji. Kuna tofauti kweli, au kila mtu na mazoea yake?
*Binti, Langoni, Lamu*

Tofauti ipo, na anayefanya sawa ni wa asubuhi.

Kanula ni mrija laini wa plastiki uliolala ndani ya mshipa. Ngozi ni ukuta, na kanula ni tundu lililotobolewa kwenye ukuta huo. Chochote kilichokaa mdomoni mwake husukumwa na dawa hadi kwenye damu, na kutoka mkononi damu hufika moyoni kwa muda mfupi sana. Chakula kibovu hukutana na asidi ya tumbo kwanza. Hapa hakuna cha kukizuia kitu njiani.

Na mdomoni hukaa nini? Jasho, chembe za ngozi, mabaki ya damu na ya dawa. Bakteria wanaotusumbua zaidi ni stafilokoka, ambao huishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu bila madhara, na wale wa matumboni kama klebsiela, wanaosafiri kwa mikono isiyonawiwa. Wakishapata plastiki hujijengea utando unaonata. Aliyewahi kuosha mtungi wa maji anaujua utando wa namna hiyo: ukisuuza tu unabaki palepale, mpaka uingize mkono na kuusugua. Spiriti huua, lakini kinachong'oa ni msuguano. Kwa hiyo pamba iliyogusishwa sekunde moja imelowesha uchafu tu.

Namna yenyewe ni hii. Muuguzi husafisha mikono kwanza, kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30, au kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Hufungua kipamba kipya cha spiriti ya asilimia 70, au cha klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) iliyochanganywa na spiriti. Huukumbatia mdomo kwa kipamba hicho na kuzungusha kwa nguvu, kwenda na kurudi, kama anayekamua ndimu, juu na ubavuni penye hesi za kufungia. Sekunde 15. Miongozo hutaja 5 hadi 15. Sisi twashikilia 15, kwa sababu mtu akiambiwa 5 hufanya 2. Kisha huacha mdomo ukauke wenyewe: sekunde 5 au zaidi kwa spiriti tupu, 20 hivi ikiwa kuna klorheksidini. Haupungwi kwa ukingo wa leso, wala haupulizwi. Kupuliza ni kurudisha mate pale palipotoka kusuguliwa. Na ukichomeka sirinji pangali pabichi, umeikatiza spiriti kabla haijamaliza kazi, na umeisukuma nyingine ndani ya mshipa.

Hesabu nayo huwapotea wengi. Kwa dozi moja, mdomo huunganishwa mara tatu: maji ya chumvi ya kujaribu njia, dawa yenyewe, kisha maji ya chumvi ya kusafisha mrija. Kwa hiyo husuguliwa mara tatu.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu hulipita. Kanula nyingi mtakazoziona wodini zina midomo miwili. Wa nyuma hufungwa kwa kizibo cha kuzungusha. Wa juu una kifuniko cha rangi kinachoonyesha saizi: kijani ni 18, waridi 20, buluu 22, njano 24. Huo wa juu unavutia kuutumia, maana unabinua kifuniko kwa kidole gumba na kuchoma. Lakini chini ya kifuniko hakuna uso wa kusugua. Kuna kishimo, na pamba haifiki chini yake. Wodi yenye viunganishi vya mpira, vile visivyohitaji sindano, ifunge kimoja kwenye mdomo wa nyuma na dawa zote zipite hapo, kwa kuwa uso wake ni bapa na unasugulika. Pasipokuwa navyo, angalau kifuniko cha juu kisiachwe wazi hata dakika moja.

Kizibo cha nyuma kikishatolewa hakirudishwi. Kinachofungwa ni kipya kutoka pakiti yake, si kile kilichowekwa kitandani, juu ya kabati, au (tuseme wazi) kilichoshikwa kwa meno.

Kuhusu kuonekana mjuaji: wewe usiusafishe mdomo mwenyewe, lakini kusema una haki. Jaribu hivi: "Dada, samahani, ule mdomo umeguswa na shuka, utanisugulia kwanza?" Hutakuwa umesema uongo, maana mdomo wa kanula haukosi kuguswa na shuka.

Zahanati yetu iko nje ya Malindi. Vipamba vya pakiti huisha katikati ya mwezi, tukabaki na dumu la lita 5 la spiriti ya asilimia 96 na rola ya pamba. Asubuhi tunachovya vipamba kwenye kopo la chuma na kuvitumia kutwa. Maji ya kusafishia kanula tunachota kwenye chupa moja ya salaini (maji ya chumvi) ya ml 500, tumeacha sindano imechomekwa kwenye mpira wake ili iwe rahisi. Tuboreshe nini?
*Muuguzi, Malindi*

Anzeni na hiyo chupa leo, hata kabla ya kumaliza kusoma, kwa sababu hiyo peke yake inaweza kuwaangusha wagonjwa wote wa siku moja.

Salaini ya chupa haina dawa ya kuzuia vijidudu. Sindano iliyoachwa kwenye mpira ni dirisha: hewa inaingia, mikono inaigusa, na bakteria akishatua ndani ana kutwa nzima ya joto la Malindi ya kuzaana. Baya zaidi ni sirinji iliyokwisha kugusa kanula ikirudi kuchota. Damu isiyoonekana kwa macho huingia nayo, na kwa njia hiyo homa ya ini B na C na virusi vya UKIMWI vinaweza kuhama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Kubadilisha sindano huku sirinji ni ileile hakusaidii, kwa sababu sirinji yenyewe imekwisha kuchafuka. Agizeni vichupa vya plastiki vya ml 10, vya kuvunja shingo, kimoja kwa mgonjwa mmoja kwa mara moja, kinachobaki kimwagwe. Vikikosekana kabisa, basi chupa ndogo kabisa mliyonayo iwe ya mgonjwa mmoja, iandikwe jina lake, mpira wake usuguliwe kwa spiriti kila mara, ichotwe kwa sirinji na sindano mpya, na isilale. Hiyo ni afadhali tu, msiifanye desturi.

Sasa spiriti. Ya 96 si kali zaidi kwa kazi hii. Ili protini ya kijidudu iharibike panahitajika maji kidogo, na spiriti karibu tupu hukauka kabla haijapenya. Kupata lita 1 ya asilimia 70, pimeni ml 730 za spiriti ya 96 kwa silinda yenye alama, kisha ongezeni maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka yafike alama ya lita 1. Msipime maji kivyake na kuyamimina, kwa sababu spiriti na maji vikichanganywa ujazo hupungua kidogo. Hakikisheni lebo inasema ethanoli au isopropili ya matumizi ya hospitali. Spiriti ya taa, ile iliyotiwa rangi, haifai. Chupa ya kuhifadhia ioshwe na kukaushwa kila inapoisha. Kuongeza mpya juu ya masalio hapana. Andikeni tarehe, fungeni vizuri, na iwe mbali na jiko.

Kopo la vipamba lililochovywa asubuhi liondoeni. Shirika la Afya Duniani linakataza pamba iliyoloweshwa kabla na kuwekwa koponi, na sababu zake mnaziona hapo kwenu: kila mkono unaoingia unaacha kitu, na kila kifuniko kinapofunguliwa spiriti inapaa, maji yanabaki. Jioni mnafuta kwa kitu dhaifu kuliko mlichochanganya. Pamba ikae kavu ndani ya chombo safi chenye kifuniko, ilowe wakati wa kutumia tu, kwa kumiminiwa kutoka chupa yenye mdomo mwembamba. Mkiwa na shashi, kateni vipande na mtumie hiyo badala ya pamba. Nyuzi za pamba hunasa kwenye hesi za kanula.

Mambo mawili mafupi kuhusu kusafisha mrija. Tumieni sirinji ya ml 10, hata kama mnasukuma ml 5 tu, kwa kuwa sirinji ndogo hutoa shinikizo kubwa linaloweza kupasua mshipa au mrija. Sukumeni kidogo, mtue, sukumeni tena. Mikupuo hiyo husugua ndani kuliko mkondo mmoja laini. Maji yakikataa kwenda, msilazimishe. Pili, seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, isikutane na maji ya Ringa, ya dripu, kwenye mpira mmoja. Kalisi iliyomo hugandana nayo na kufanya chembechembe. Kwa mtu mzima simamisheni Ringa, safisheni kwa salaini, ndipo mchome. Kwa mtoto mchanga wa siku 28 au pungufu anayepewa maji yenye kalisi, seftriaksoni haitumiki kabisa.

Mume wangu yuko wodini na kanula mkononi, na hataki kuacha sala. Ameambiwa mkono usilowe. Atatawadhaje?
*Mama, Shela, Lamu*

Upande wa hospitali ni mwepesi: bandeji ikae kavu, na mdomo wa kanula usiguswe na maji ya bomba, ya kisima wala ya birika, hata yakiwa matamu ya kunywa. Maji hayo si tasa.

Upande wa fiqhi, mwenye jeraha au bandeji amewekewa njia: kuosha palipo pazima, kupaka juu ya bandeji kwa mkono ulioloa, na kutayamamu. Ipi inamhusu na kwa mpangilio gani, amuulize shekhe wake, hilo si la wauguzi. La kwetu ni kwamba mkono wa kupaka uwe na unyevu tu, usitiririke, na upite juu ya bandeji bila kufika mdomoni. Akitayamamu, mdomo ufunikwe kwa kipande cha plastiki safi wakati wa kupaka udongo, kisha kiondolewe, kwa sababu kikiachwa huko chini hukusanya jasho. Bandeji ikilowa, amwambie muuguzi aibadilishe saa ile. Isingojwe ikauke. Plasta ya kuonekana ndani ikiwa kavu na imeshika hukaa hadi siku 7, ya shashi siku 2, lakini ikiloa au kubanduka siku hazihesabiwi.

Babangu ameruhusiwa kutoka hospitali ya Lamu mjini akiwa na kanula mkononi, amalizie sindano za siku tatu kwenye zahanati ya huku Kizingitini. Tunarudi kwa boti kesho. Tufanye nini?
*Msomaji, Kizingitini*

Kabla ya kushuka gatini, muulizeni daktari swali moja: hakuna dawa ya kumeza ya kumalizia? Mara nyingi ipo. Kanula iliyotolewa haina mdomo wa kuchafuka. Kama lazima ibaki, ombeni itazamwe siku hiyo, mdomo ufungwe kwa kizibo kipya, bandeji ibadilishwe, na tarehe ya kuwekwa iandikwe juu yake kwa kalamu isiyofutika. Zahanati haitabahatisha umri wake. Kama iliwekwa kwa dharura, haraka haraka bila usafi kamili, itolewe ndani ya saa 48 na nyingine iwekwe.

Botini, hasa msimu wa kusi, maji ya bahari yatawarukia tu. Zungusheni shashi safi mkono mzima, juu yake mfuko wa plastiki uliofungwa kwa plasta juu na chini, bila kubana. Mzee akae upande usiopigwa na mawimbi, na wakati wa kupanda na kushuka ashikwe mkono mwingine. Vijana wa gatini humvuta mtu kwa mkono wowote waliouona, basi waambieni mapema. Mkifika, mfuko utoke mara moja, kwa sababu ya jasho.

Nyumbani, yeyote anayeshika mkono huo anawe kwanza. Asubuhi na jioni tazameni na kuuliza. Panauma? Pamekuwa pekundu, pamevimba, pana joto? Mshipa umekuwa mgumu kama kamba ukipapaswa? Maumivu pamoja na wekundu yanatosha: kanula itolewe, isingoje sindano ya kesho "kwa kuwa imebaki moja". Usaha, homa, au kutetemeka kwa baridi, hasa kunakoanza muda mfupi baada ya dawa kusukumwa, ni dalili kwamba vijidudu huenda vimeingia kwenye damu. Hapo ni kurudi hospitali hata kama ni usiku. Kuvimba kwa mshipa kunaweza kujitokeza hata saa 48 baada ya kanula kutolewa, kwa hiyo msiache kutazama pale palipokuwa.

Ikichomoka yenyewe, msiirudishe. Bonyezeni kwa shashi safi dakika 3, au 5 na zaidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mkono ukiwa umeinuliwa.

Kakangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki, ana mrija shingoni wenye midomo miwili, mwekundu na wa buluu. Juzi aliharisha. Kliniki ya mtaani walikosa mshipa mkononi, wakataka kumtundikia maji kwenye mrija huo. Tulikataa. Tulikosea?
*Kijana, Maweni, Malindi*

Hamkukosea. Mrija huo ni wa wahudumu wa kusafisha damu peke yao. Mara nyingi huachwa umejazwa heparini iliyokolea ili damu isigande ndani, na asiyejua akisukuma maji bila kuivuta kwanza, dozi yote inaingia mwilini na mgonjwa anaweza kutoka damu vibaya. Ncha yake iko kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, hivyo kijidudu kikiingia hapo hakina safari ndefu. Midomo inapofunguliwa, muuguzi na mgonjwa wote huvaa barakoa, na kakako ageuzie uso upande wa pili. Asioge kwa kujimwagia maji juu yake, wala asiingie baharini. Akianza kutetemeka kwa baridi wakati anasafishwa, aseme palepale.

Na kliniki wakitafuta mshipa wakati mwingine, waambieni watumie mgongo wa kiganja na waiache mishipa ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Itahitajika akija kutengenezewa fistula, yaani mishipa iliyoungwa mkononi ili kusafishiwa damu. Kiasi cha maji atakachopewa pia kiulizwe kwa wanaomsafisha, maana figo zake haziwezi kutoa ziada.

Mpira wa dripu hukaa siku ngapi?
*Msomaji, Mokowe*

Ukipitisha maji mfululizo bila kufunguliwa, siku 4 hadi 7. Wa damu hubadilishwa kila chupa ya damu inapoisha au ndani ya saa 4. Wa lishe yenye mafuta ni saa 24, na ule unaofunguliwa na kuunganishwa tena kwa kila dozi ni saa 24 pia. Mwisho wake unapofunguliwa ufungwe kwa kizibo tasa. Usichomekwe kwenye tundu la mpira wake wenyewe, mtindo tunaouona mno.

Kupaka asali au malhamu ya antibiotiki pale kanula inapoingilia kunasaidia?
*Msomaji, Mambrui*

Hapana. Asali hunata, huvuta vumbi na kubandua plasta. Malhamu ya antibiotiki kwenye kanula ya kawaida huwapa nafasi fangasi na bakteria sugu. Mirija ya kusafishia damu ina utaratibu wake, na huo waachieni wanaoihudumia.

Wifi yangu amelazwa siku nne baada ya harusi, mikono yote ina hina na piko. Ina madhara kwa kanula?
*Msomaji, Mkomani, Lamu*

Hina iliyokwisha kukauka na kuoshwa haizuii spiriti kufanya kazi kwenye ngozi. Shida ni kuona. Piko nyeusi huficha wekundu, ambao ni dalili ya mapema. Ombeni kanula iwekwe palipo na ngozi tupu, hata kama ni kati ya maua mawili. Pasipopatikana, msitegemee macho: kila zamu papaswe kwa mkono safi juu ya plasta kutafuta joto, ugumu na maumivu, na kulinganishwa na mkono wa pili.